Adui wa Tatu

Katika filamu ile ndugu yangu anakufa dakika ya thelathini na nane. Anapigwa risasi juu ya paa la nyumba moja ya Kibokoni, anayumba, anaanguka kutoka ghorofa ya pili na kutua juu ya mkokoteni wa matikiti. Matikiti yanapasuka. Stelingi anaruka juu ya miguu yake na kuendelea kukimbia bila hata kumtazama. Nimeiona dakika hiyo mara nyingi kuliko nilivyotaka, na mpaka leo hufumba macho kabla hajafika chini.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja, maana nisipolisema litanikereketa. Hakuna mkokoteni unaoweza kupita katika kichochoro kile. Nimezaliwa hapo na hapo ndipo ninapokaa. Watu wawili wakikutana, mmoja sharti ajibanze kwenye mlango wa mtu ampishe mwenzake. Watu wa filamu waliuleta mkokoteni ule vipande vipande, wakauunga kwa misumari humo humo, wakapanga matikiti juu yake, ili mtoto wetu apate pa kufia. Kisha wakaondoka, wakatuachia maganda na nzi wa siku tatu.

Mama yetu hakujua kwamba mwanawe anakufa. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Alikuwa amehakikishiwa kinyume chake, na aliyemhakikishia ni ndugu yangu mwenyewe, nami nilikuwa nimekaa pale pale na sinia la mchele mapajani, nimenyamaza.

Ndugu yangu ni fundi wa stima. Nasema "ni" na sijui kama nina haki ya kusema hivyo, lakini sitasema "alikuwa" mpaka mtu anipe sababu. Yeye ni kitinda mimba, mimi ni kifungua mimba, na kati yetu walipita wengine ambao hawakuishi. Watu wa filamu walipokuja kwetu Mji wa Kale, Mombasa, walikodi nyumba ya jirani, na siku ya kwanza tu taa zao zikaunguza nyaya. Akaitwa. Alikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, mkubwa wao alipopita, akasimama, akamwambia ashuke. Akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayechagua papai, akasema uso huu ndio aliokuwa akiutafuta tangu Nairobi.

"Uso gani?" nilimuuliza aliporudi nyumbani akicheka.

"Wa gaidi, dada."

Uso ule ni wa baba yetu. Pua ile, ndevu zile, hata alama ya sijida kwenye paji. Baba aliwasomesha Kurani watoto wa mtaa huu mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyemwogopa isipokuwa yule ambaye hakuhifadhi sura aliyopewa. Nilikasirika nikasema maneno. Ndugu yangu akanishika mabega, akaniambia, "Mchezo tu, dada. Hata wewe wangekuona jinsi unavyonitazama sasa, wangekupa bunduki." Hasira zangu zinajulikana mtaa mzima, kwa hiyo nilicheka, ingawa sikutaka.

Maadui katika filamu walikuwa wengi, lakini wenye kusema walikuwa watatu: adui mkuu, adui wa pili, na yeye, adui wa tatu. Maneno yake pia yalikuwa matatu: "Ndugu zangu, wamefika!" Akayafanyia mazoezi wiki mbili. Aliyasema msalani, akayasema ngazini, akayasema akifunga viatu, mara kwa hofu, mara kwa ghadhabu. Na kila alipopaza sauti, "Ndugu zangu, wamefika!" mama alikuwa akijibu kutoka jikoni, "Kina nani hao? Nitie maji kwenye chai?"

Mama ni mtu wa sinema. Enzi za usichana wake kulikuwa na maonyesho ya alasiri ya wanawake peke yao, ukumbi mzima mabuibui, watoto wa mgongoni, kaimati kwenye mikebe. Walitazama filamu za Kihindi bila kujua neno moja la Kihindi na walilia wote kwa pamoja. Majina ya filamu zile ameyasahau. Alichobaki nacho ni kanuni yao. Kwa wanawake wale, filamu ina watu wa aina mbili, stelingi na adui. Adui atakufa. Stelingi hafi. Atapigwa, atachomwa kisu, ataangukiwa na nyumba, lakini mama yake akishatandika msala na kuinua mikono, utamwona anafumbua jicho moja, na hapo ukumbi wote unapiga vigelegele.

Kwa hiyo alipoambiwa mwanawe ameingia kwenye filamu, alikuwa na swali moja tu.

"Ndiwe stelingi?"

Ndugu yangu akanitazama. Mimi nikatazama mchele. Akasema, "Ndimi, mama." Mama akamvuta kichwa akambusu kwenye ile alama ya paji, akarudi jikoni.

Ngazini aliniambia, "Usimwambie kwamba nakufa."

"Nimwambie ili iwe nini?" nikamjibu.

Na kweli, ingekuwa nini? Kwetu habari ya kifo haitajwi hivi hivi. Mtu akifa mbali, mkewe huambiwa ni mgonjwa. Huambiwa ni mgonjwa kidogo, kisha ni mgonjwa sana, kisha jirani anakuja na bakuli lililofunikwa, mwingine anakuja anakaa tu bila haja, watu wanapunguza sauti, watoto wanafukuzwa uani, mpaka mwenyewe anajua bila mtu yeyote kulitamka neno lile. Baba alifia Malindi, alikokwenda kwenye harusi. Mama aliambiwa amepatwa na homa. Aliniambia baadaye kwamba alijua saa ile ile shangazi alipoingia akasahau kugombana naye. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kuona ubaya wake. Niliona ni adabu.

Filamu ilipomalizika kupigwa, walimwambia watamwita kwa sehemu ya pili. Nikamuuliza mtu aliyekufa sehemu ya kwanza ataitwaje sehemu ya pili. "Nitakuwa pacha wake," akasema, wala hakuwa anatania. Alikaa akiisubiri simu ile kwa miezi. Kazi za stima zilikuwa chache, na alizozipata alizifanya huku simu iko mfuko wa shati, apate kuisikia. Haikulia. Alipochoka akatafuta wakala, akapata kazi ya ufundi Arabuni, kwenye majengo. Tulimsindikiza, mama na mimi. Alikuwa amevaa shati alilolivaa kwenye filamu, kwa sababu walimwachia.

Miezi mitatu alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, mfupi, nyuma yake kuna mashine zinanguruma: "Mama, nitapiga Ijumaa, inshallah." Ijumaa ile hakupiga, wala iliyofuata. Namba yake ikawa haipatikani. Nilikwenda kwa wakala, nikakuta ofisi imefungwa. Nilipokwenda tena, mahali pale palikuwa panauzwa mapazia. Msichana wa mapazia hakujua lolote, akaniuliza nataka ya sebuleni au ya chumbani. Nikazunguka ofisi za serikali na picha yake. Kila mahali nilikuta mtu mwenye heshima zake akaandika jina na kuniambia wanafuatilia. Nafanya kazi ya ukarani kwa wakala wa mizigo kule Mbaraki, kwa hiyo neno "tunafuatilia" nalijua vizuri. Ndilo ninalowaambia watu ambao makontena yao hatujui yako wapi.

Mwanzo mama alilia. Kisha, siku moja, tuko tunapepeta, akasema tu, "Stelingi hafi." Nilicheka. Namwomba Mungu anisamehe, nilicheka kwa sababu lilikuja ghafla, na yeye akacheka kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia kicheko katika nyumba ile. Tangu hapo akawa analisema kila siku. Nikisusa chakula, "Kula, stelingi hafi." Mtu akimuuliza habari za mwanawe, "Stelingi yuko, hafi." Na kila Ijumaa aliiweka simu kando ya msala wake, kioo juu, mpaka alasiri.

Hapo ndipo filamu ilipotoka.

Nilikwenda kuiona na mwenzangu wa kazini, mwanamke wa bara mwenye moyo mweupe, ambaye alikuwa ameshaiona mara moja na akataka kurudia. Hakujua kama nina mtu humo ndani. Sikumwambia. Nilitaka kukaa gizani peke yangu na ndugu yangu, lakini peke yangu nisingethubutu, basi nikamfanya yeye kuwa ukuta wa kuegemea.

Ukumbi ulijaa. Watu wa Mombasa wakiona mji wao kwenye skrini hawakai kimya. Stelingi ni askari aliyetumwa kutoka makao makuu, kifua kipana, anasema Kiswahili kilichonyooshwa kama shati la shule, na eti ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Alipomwamkia bibi yake mtu akapiga kelele, "Bibi, huyo si wako!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha akapanda pikipiki, akakata kona ya kichochoro cha Kibokoni, akatokea gatini Mbaraki. Kona moja! Akakata nyingine akawa kwenye majumba ya Buxton, na ya tatu ikamrudisha Kibokoni, jasho halijamtoka. Watu walipiga makofi na miguu. "Tuonyeshe hiyo njia, bwana, tumechoka na foleni!" Hata mimi nilicheka. Nasema ukweli, kwa muda wa robo saa nilifurahi, nikasahau nimekuja kumwona nani.

Kisha akatokea. Alikuwa amenenepa zaidi ya nilivyomkumbuka. Alisimama nyuma ya adui mkuu na adui wa pili, mikono imeshika bunduki namna anavyoshika ngazi, kiganja kimoja juu na kimoja chini. Alipopaza sauti, "Ndugu zangu, wamefika!" nilisikia mama akiuliza kuhusu chai. Nilisikia kabisa, masikioni.

Akakimbilia juu ya paa. Kamera ikamkaribia uso. Uso wa baba yetu ulijaa ukuta mzima, na mtu nyuma yangu akasema, "Huyu sasa anakwenda." Mlio ukalia. Akaanguka, matikiti yakapasuka, na ukumbi mzima ukashangilia. Walishangilia vizuri, kwa furaha isiyo na chuki, kama watu wanaoshangilia bao. Mwenzangu alipiga makofi. Alinigeukia, machozi ya kicheko machoni, akasema, "Hapa ndipo ninapapenda!"

Nikamwambia, "Yule ni ndugu yangu."

Alifikiri natania. Aliponitazama vizuri mikono ikamganda. "Woi," akasema, "nimecheka mimi." Akarudia maneno hayo mpaka tulipotoka, mpaka nikalazimika kumbembeleza yeye.

Bara filamu ilisifiwa sana. Watu waliandika mitandaoni kwamba hatimaye tuna filamu ya mapigano iliyo yetu wenyewe. Huku kwetu ilizua maneno. Kwenye baraza wazee walikasirika: kwa nini kila mwizi amevikwa kanzu, kwa nini tasbihi iko mkononi mwa muuaji? Aliyeghadhibika kuliko wote, aliyetaka ipigwe marufuku, alikuwa ameitazama mara tatu, na alijua kila pigo limetoka mkono gani. Watoto nao wakapata mchezo mpya. Mmoja analala juu ya gunia, wengine wanasema "twaa!", na yeye anajigaragaza kama mtu aliyeangukia matikiti. Wakaucheza chini ya dirisha la mama yangu.

Lakini lililoniumiza kuliko yote ni stika. Mtu fulani, Mungu anamjua, alikata kile kipande cha kuanguka akakifanya kijipicha cha kutumiana kwenye simu. Ndugu yangu anaanguka, matikiti yanapasuka, anaanguka tena, matikiti yanapasuka tena, bila kuisha. Watu wakawa wanaitumia kusema wamechoka. Jumatatu asubuhi kundi la ofisini: anaanguka. Mshahara umechelewa: anaanguka. Jamaa yetu wa Kisauni, ambaye hata hakumtambua, aliituma kwenye kundi la ukoo kwa sababu ya joto. Nilimpigia nikamtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu, naye akalia, akaifuta.

Nikaanza kuishika simu ya mama. Kila akienda kutawadha niliichukua, nikapekua, nikafuta. Nilikuwa mwepesi. Nilidhani nilikuwa mwepesi.

Na mtaa ukanisaidia, maana mtaa wetu una ubaya wake lakini siri ya mama mzee unaijua kuitunza. Sikumwomba mtu. Jirani wa mkono wa kulia aliwafukuza watoto na gunia lao. Wa mkono wa kushoto alikuja akasema, "Tumekubaliana, hapana atakayemwambia." Wanaume kwenye baraza walimeza maneno mama alipopita, wakamsalimu kwa upole na kumwuliza afya. Wanawake walioiona filamu walimwambia ni nzuri, mashallah, lakini ndefu.

Mama akasema anataka kuiona.

Nilikwenda kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la simu. Ni Mwislamu mwenzetu, jirani tangu enzi za babu yake, na kabla ya simu alikuwa akiazimisha kaseti za filamu kwa nyumba zote za hapa. Alikuwa nayo kwenye kompyuta yake, sikumuuliza ameipata wapi. Nikamwambia naitaka kwenye flashi, lakini mpaka pale juu ya paa tu, basi.

"Nikate kabla ya mlio au baada?" akauliza.

"Kabla."

Akapeleka mbele, akarudisha nyuma, miwani kwenye ncha ya pua. "Nikikata hapa atabaki amesimama, uso ameugeuza. Yafaa?"

"Yafaa."

Alinipa ile flashi, kisha akanishikilia mkono. "Mama yako mteja wangu wa tangu kaseti," akasema. "Mwanamke yule humwezi kwa filamu." Nilimshukuru nikaondoka. Nilidhani ananisifia mama.

Tuliitazama Jumamosi, baada ya alasiri. Wanawake wanne wa mtaa walikuja na kaimati na kahawa, tukakaa kwenye mkeka. Mama alikaa kitini, mbele kabisa, amevaa leso mpya. Stelingi alipotokea na kifua chake, mama akauliza, "Na huyu?"

"Askari," nikasema haraka. "Yuwamtafuta mtu."

"Aha," akasema mama.

Ndugu yangu alipotokea nyuma ya maadui wenzake, wanawake wote wakapiga vigelegele. Mama hakupiga. Aliinama mbele akakaza macho. Ile "Ndugu zangu, wamefika!" iliposikika, midomo yake ilicheza, lakini sikusikia alichosema. Kisha paa, kisha uso, kisha giza.

"Imekwisha?" akauliza.

"Sehemu ya kwanza imekwisha," nikasema. Wanawake wakaingilia kati wote kwa pamoja: kapendeza, kanawiri, mashallah, sauti yake, ndevu zake. Mdogo wao hakuweza. Alijifunika uso kwa leso, akainuka, akaenda jikoni, na tukamsikia akifungua maji kwa nguvu ili asisikike. Mama aligeuza kichwa akautazama mlango wa jikoni. Alichukua kaimati moja, akaishika, hakuila.

Kuanzia kesho yake mabakuli yalianza kuja. Sikuyatilia maanani. Mmoja alileta mchuzi wa samaki, mwingine mkate wa kumimina, yote yamefunikwa kwa vitambaa safi. Yule jirani wa kulia, ambaye kwa miaka amekuwa akigombana na mama juu ya maji yanayochuruzika kutoka kwenye paa, alikuja akakaa saa nzima, hakuyataja maji.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama ameketi kitandani kwake. Alikuwa ameoga. Ile leso mpya ameivua, amejitanda nguo ya zamani isiyo na rangi. Juu ya kitanda alikuwa amepanga nguo za ndugu yangu zilizobaki, mashati mawili, kikoi, kofia, zimekunjwa.

"Ndoo ukae," akaniambia.

Nikakaa.

"Mimi si mtoto. Mato yangu mazima na masikio yangu mazima. Nambia, mwanangu amekufa lini?"

Nikamwambia hajafa, nani kasema amekufa?

"Hapana aliyesema. Hiyo ndiyo yaniogopesha. Nyumba yajaa mabakuli. Watoto hawachezi ndiani. Watu wazima wanyamaza nikipita. Nawe kila siku wanichukulia simu wafuta. Wafuta nini? Ni nani alonletea habari ukaifuta?"

Basi hapo ndipo nilipoona tulichofanya, mtaa mzima, kwa mapenzi yetu. Tulimficha kifo cha matikiti, na kuficha kwetu kuna lugha moja tu, na mama anaijua lugha hiyo kuliko sisi wote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikasema, "Mama, ni filamu! Wallahi ni filamu tu. Yuwafa kwenye filamu. Hatukutaka uone." Nikaitoa simu yangu, nikaitafuta mtandaoni ile kamili. Nilikuwa karibu kufurahi. Nilikuwa na ushahidi.

Nilimshikia mbele ya uso. Mlio, kuyumba, kuanguka, matikiti. Safari ile sikufumba macho, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye. Alitazama mpaka stelingi alipomruka na kwenda zake, na ndugu yangu akabaki chali, maji mekundu shavuni, macho wazi.

"Hapana aliyemfumba mato," akasema.

"Ni mchezo, mama. Akisha akainuka. Alikuja nyumbani akala."

"Najua akala. N'lipika mimi." Akanirudishia simu. "Ndiyo hini mlokuwa mkinificha?"

"Ndiyo."

"Hini tu?"

"Hini tu, wallahi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia mtoto aliyeanguka kwa ujinga wake. "Hini n'liijua tangu hajaondoka. Wiki mbili nzima mtoto yuwasema maneno matatu. Stelingi gani ana maneno matatu?"

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akisema kila siku stelingi hafi, stelingi hafi.

"N'likuwa nakwambia wewe. Ulikuwa huli."

Akaanza kuzigusa zile nguo, shati hili akaliweka juu ya lile. Mkono wake ulikuwa umetulia. Nje muadhini alikuwa anajaribu kipaza sauti, akakohoa mara mbili.

"Hapa nimeona," akasema mama. "Na kule?"

Nilitaka kusema hajafa. Neno lilikuwa mdomoni, nililisema dakika tano tu kabla ya hapo, kwa kiapo. Lakini aliniangalia, na macho yale yalikuwa yametazama filamu kwa miaka sitini na kujua nani atabaki mpaka mwisho.

"Sijui, mama."

"Haya," akasema.

Hakulia. Alizirudisha nguo sandukuni, zote, bila kutoa hata moja ya kumpa maskini, kwa hiyo sijui aliamua nini. Hitma ya kumsomea hakuitaka. Mabakuli aliyarudisha kwa wenyewe, kila moja ametia kitu ndani. Neno stelingi sijalisikia tena mdomoni mwake.

Ijumaa, yaani kesho yake, alitandika msala wake mahali pale pale. Simu hakuiweka kando. Aliiacha chumba cha pili, ukutani, kwenye chaji. Saa saba na nusu ikalia. Yeye alikuwa kwenye tasbihi, hakugeuza hata kichwa, ni mimi niliyekimbia nikajigonga kwenye mlango. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa ya kampuni ya simu, inatutakia Ijumaa njema na kutuuliza kama tunataka kununua nyimbo.

Niliporudi aliniuliza, "Nani?"

"Hakuna," nikasema.

Akaendelea kuhesabu.